Mkoa wa Morogoro: Nani Anatunza Maji, Nani Anaamua Ardhi?

Anayefungua bomba Kimara, anayewasha taa Mwanza na anayekoroga sukari kwenye chai Tabora huenda wote watatu wanatumia kitu kilichotoka Morogoro. Mto Ruvu, unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayohudumia Dar es Salaam, unaanzia kwenye Milima ya Uluguru. Umeme wa Kidatu, wa Kihansi na wa Bwawa la Julius Nyerere unazalishwa kwa maji yanayoanzia au kupita ndani ya mkoa huu au mpakani mwake. Miwa ya Kilombero na Mtibwa inalimwa kwenye mabonde yake. Mkoa unaobeba mahitaji makubwa ya nchi kiasi hiki unastahili kutazamwa kwa makini namna unavyotawaliwa.

Ninachotaka kukichambua ni kama mfumo wetu wa serikali za mitaa unaendana na jiografia ya Morogoro. Naona hauendani, na chanzo cha tatizo kimezidi ule ukubwa wa eneo unaolalamikiwa kila mara. Maji yanaamuliwa na chombo kimoja, ardhi na kingine, hifadhi na cha tatu. Kijiji, ambacho ndicho kinachoishi na matokeo ya maamuzi yote hayo, ndicho chenye fedha kidogo kuliko wote.

Ukubwa wenyewe, hata hivyo, si wa kudharau. Morogoro ina zaidi ya kilomita za mraba 70,000. Ukizichukua Rwanda na Burundi ukaziunganisha, bado Morogoro inabaki kubwa kuliko hizo mbili. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,218,492. Sensa ya 2022 ikahesabu 3,197,104. Hilo ni ongezeko la asilimia 44 katika miaka kumi, wakati taifa zima liliongezeka kwa takriban asilimia 37. Watu wanahamia Morogoro. Wanafuata ardhi yenye rutuba, malisho, mashamba ya miwa na mpunga, vyuo, na ile safari ya Dar es Salaam iliyozidi kuwa fupi tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria Juni 2024. Karibu kila mgogoro wa mkoa huu umekaa juu ya ongezeko hilo.

Ili kuuelewa mkoa, ni vizuri kuanza na milima, kwa kuwa milima ndiyo inayopanga kila kitu kingine. Iko katika mafungu manne makubwa. Uluguru inasimama nyuma ya mji wa Morogoro kabisa, kiasi kwamba mtu aliyeko sokoni kwa Chifu Kingalu akiinua macho anaiona, na kilele chake cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Upande wa kaskazini iko Milima ya Nguru, inayolisha mashamba ya Mtibwa na Turiani. Magharibi kuna Kaguru na Rubeho, zinazozunguka Gairo na Kilosa. Kusini imelala Udzungwa, ukuta mrefu wa msitu unaotazamana na Bonde la Kilombero. Yote ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, misitu ya kale yenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani.

Kila fungu la milima lina mto wake. Uluguru inatoa Ruvu na kijito cha Ngerengere kinachojaza Bwawa la Mindu, tegemeo la mji wa Morogoro. Maji ya Nguru na Kaguru yanaingia Wami. Ya Udzungwa yanamwagikia Kilombero. Mto Kilombero, ukikutana na Luwegu, unazaa Rufiji, na hapo ndipo wengi wanashangaa wanapoambiwa kwamba takriban asilimia 62 ya maji yote ya Rufiji yanatoka Kilombero. Ruaha Mkuu, unaozungumzwa zaidi, unachangia kama asilimia 15 tu. Kwa hiyo bwawa kubwa la Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, linaegemea mvua inayonyesha Mlimba, Malinyi na Mahenge kuliko linavyoegemea mvua ya mahali pengine popote. Diwani wa kata ya pembezoni huko Malinyi, anapopitisha au kukataa mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji chake, anagusa umeme wa taifa, ajue asijue.

Sasa tuje kwenye mipaka ya kiutawala. Mkoa ulizaliwa 1962, lile Jimbo la Mashariki la wakoloni lilipogawanywa. Mwanzoni palikuwa na wilaya tatu: Morogoro, Kilosa na Ulanga, yenye makao yake Mahenge. Tangu hapo umekuwa ukikatwakatwa. Kilombero ilitolewa Ulanga. Mvomero ikatolewa Morogoro Vijijini. Mwaka 2012 Gairo ikatoka Kilosa, na baadaye Malinyi ikatoka Ulanga, kwa hiyo Ulanga imekatwa mara mbili. Leo kuna wilaya saba na halmashauri tisa, kwa kuwa Wilaya ya Morogoro ina Manispaa na Halmashauri ya Wilaya, yaani Morogoro Vijijini, na Wilaya ya Kilombero ina Halmashauri ya Mji wa Ifakara na Halmashauri ya Mlimba.

Ukiichora ramani ya halmashauri hizo juu ya ramani ya mito utaona kasoro ya kwanza. Uluguru imegawanywa kati ya halmashauri tatu: Mvomero imechukua Mgeta na upande wa magharibi, Morogoro Vijijini imechukua Matombo, Mvuha na miteremko ya mashariki yenye mvua nyingi, na Manispaa imechukua miguu ya mlima inayotazama mji. Mlima ni mmoja, chemchemi ni zilezile, lakini sheria ndogo za kulinda kingo za mito zinatungwa na mabaraza matatu ya madiwani ambayo kila moja lina kikao chake, wanasheria wake na hesabu zake. Vivyo hivyo Kilombero: mto mmoja, bonde moja la mafuriko, halmashauri nne.

Wapo watakaosema kwamba kuunganisha ndiyo kazi ya mkoa. Hapa inabidi kueleza namna mfumo wetu ulivyo. Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya na Katibu Tawala ni mkono wa Serikali Kuu. Wanateuliwa, na kazi yao kwa mujibu wa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 ni kusimamia, kushauri na kulinda usalama. Halmashauri ndizo serikali za mitaa zinazotajwa kwenye ibara za 145 na 146 za Katiba, zenye madiwani waliochaguliwa na mamlaka ya kutunga sheria ndogo na kupitisha bajeti. Kati ya mikono hiyo miwili kuna Mkurugenzi Mtendaji, mteuliwa wa Rais anayeendesha ofisi ya chombo cha kuchaguliwa. Kamati ya Ushauri ya Mkoa inawakusanya wote mezani, lakini jina lake linajieleza: inashauri. Haitungi sheria ndogo na haina mfuko.

Mpangilio huu una historia yake. Mwaka 1972, kwa sera ya Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa kabisa na kazi zake zikahamishiwa kwa maofisa wa Serikali Kuu walioko mikoani na wilayani. Zilirudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984. Wazee wengi wa Morogoro wanaikumbuka miaka ile ya kati kama miaka ambayo barabara za vijijini na zahanati zilikosa mwenyewe. Fundisho hilo lilichukuliwa, lakini nusu. Katika miaka ya karibuni kazi kubwa za halmashauri zimeanza kuchukuliwa tena, moja baada ya nyingine. Barabara za vijijini na mijini zilipelekwa kwa wakala wa barabara, TARURA, mwaka 2017. Maji vijijini yalikwenda kwa wakala wa maji vijijini, RUWASA, kwa sheria ya 2019. Kodi ya majengo ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato. Kila uamuzi ulikuwa na sababu zake, na siwezi kusema zote ni mbaya. Barabara nyingi zilikuwa hoi mikononi mwa halmashauri. Lakini jumla yake ni kwamba diwani anasimama mbele ya wananchi kujibu maswali ya barabara na maji, vitu ambavyo baraza lake halivisimamii tena moja kwa moja.

Fedha nazo zinaonyesha picha hiyohiyo. Sehemu kubwa ya bajeti ya halmashauri, hasa mishahara na miradi, hutoka Hazina. Mapato ya ndani yanabaki kwenye ushuru wa mazao, leseni, ada za masoko na stendi, na ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya kampuni. Manispaa ya Morogoro, yenye Soko Kuu la Kingalu lililofunguliwa 2021, stendi ya Msamvu, hoteli na vyuo, inaweza kupumua. Ifakara inaweza kupumua kiasi, kwa sababu ya mchele na biashara. Halmashauri ya Morogoro Vijijini, ambayo ndiyo imebeba sehemu kubwa ya vyanzo vya Ruvu, inategemea ndizi, machungwa, viungo na karafuu za wakulima wadogo wa Kinole na Tawa. Mapato hayo yanapanda na kushuka kwa msimu. Maji, ambayo ndiyo mali kubwa kuliko zote inayotoka kwenye eneo lake, hayaonekani popote kwenye vitabu vyake vya mapato.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na sitaki kupapita haraka.

Miteremko ya Uluguru ina historia inayostahili kusomwa na kila mtu anayepanga kuhifadhi mazingira nchini. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba ya milimani ili kuzuia mmomonyoko. Hoja ya kitaalamu ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Mlimani mambo yalikuwa tofauti: udongo wenye rutuba ni mwembamba, kuuchimba kulifukua udongo mfu wa chini, kazi ilikuwa nzito, na ardhi yenyewe ilikuwa ya koo zilizofuata upande wa mama, ambazo hakuna aliyeziuliza. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kwa hasira, vurugu zikazuka, polisi wakatumia risasi, na mpango ukafa. Tukio hilo liliipa TANU, chama kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, nguvu kubwa milimani.

Nusu karne baadaye, katika eneo la Kibungo Juu, mteremko wa mlima uleule, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi ambao wakulima walichimba matuta ya fanya juu, wakapanda miti na majani ya kukinga udongo, kwa hiari yao. Tofauti ilikuwa malipo na makubaliano. Wanunuzi wa maji walioko bondeni, likiwemo shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo na kiwanda cha vinywaji, walichangia fedha, na mkulima alilipwa kwa eneo alilolitunza. Kazi ileile iliyoleta risasi 1955 ilikubalika wakulima walipoulizwa na kulipwa. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzito kuliko ripoti nyingi zilizoandikwa juu ya Uluguru. Masikitiko yangu ni kwamba malipo hayo hayakugeuka kuwa utaratibu wa kudumu. Sehemu yoyote ya bili ya maji ya Dar es Salaam ingeweza kutengwa kwa sheria na kurudi kwenye halmashauri na vijiji vya juu ya mto. Haitengwi kwa namna hiyo. Kisha kiangazi kinapokaza, kama ilivyokuwa 2022, Ruvu inashuka, jiji linaingia kwenye mgao, na macho yanawageukia wakulima wa milimani kama wakosaji.

Serikali sasa inajenga Bwawa la Kidunda kwenye Ruvu, wilayani Morogoro, ili kuhifadhi maji ya masika kwa ajili ya kiangazi. Ni hatua kubwa na ilisubiriwa kwa miongo mingi. Lakini bwawa hujaa matope kama mteremko ulio juu yake hautunzwi, na mteremko huo uko mikononi mwa watu walewale ambao bajeti haiwafikii.

Tukishuka kwenye tambarare, suala linahama kutoka maji kwenda ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ndio wenye kauli ya mwisho kuhusu ugawaji. Hakuna mamlaka nyingine ya serikali za mitaa iliyopewa wajibu mzito kiasi hicho kwa rasilimali ndogo kiasi hicho. Mwenyekiti wa kijiji hana mshahara. Mtendaji wa kijiji ni mmoja, mara nyingi hana usafiri. Utaratibu wa halmashauri kurejesha vijijini asilimia 20 ya fidia ya vyanzo vya mapato vilivyofutwa umelalamikiwa mara nyingi kwamba hautekelezwi. Mpango wa matumizi ya ardhi unagharimu fedha za wapima na vikao, fedha ambazo kijiji hakina, kwa hiyo kijiji kinasubiri mradi wa wafadhili.

Matokeo yake yaliandikwa kwa damu Kilosa. Desemba 2000, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni kwenye shambulio lililotokana na ugomvi wa wakulima na wafugaji. Kilosa ni wilaya yenye mashamba makubwa ya mkonge ya enzi za ukoloni, mengine yaliyoachwa yakawa mapori kwa miaka mingi huku vijiji vinavyoyazunguka vikikosa ardhi. Mikumi ilitangazwa Hifadhi ya Taifa 1964 na kuchukua eneo kubwa la tambarare ya Mkata. Wafugaji wa Kiparakuyo na Wamasai walioishi humo kwa vizazi wakabaki na vijiji vichache vilivyotengwa kwa malisho, na njia zao za kufikia mito wakati wa kiangazi zikafungwa na mashamba. Baadaye, operesheni ya kuwatoa wafugaji Ihefu, Usangu, mwaka 2006 na 2007 iliwasukuma wengine wengi kuja Morogoro na mikoa ya kusini. Aliyeamua kuwahamisha hakuwa diwani wa Kilosa wala wa Malinyi. Waliopokea mifugo ni wao.

Sikubaliani na maelezo rahisi kwamba wafugaji wa Kisukuma na Kimang'ati wamevamia na ndiyo habari yote. Mgeni anayeingia kijijini na ng'ombe mia anapita kwa mtu. Kuna mwenyekiti aliyempokea, kuna kiongozi aliyemwonyesha eneo, kuna aliyechukua fedha. Pale ambapo Mkutano Mkuu wa Kijiji haukai, au unakaa bila muhtasari kusomwa, ardhi inagawanywa kwenye baraza la nyumba ya mtu mmoja, na baadaye mwenye mahindi na mwenye ng'ombe wote wawili wanashika vipande vya karatasi vinavyodai shamba lilelile. Udhaifu wa kijiji ndio mlango wa mgogoro, na ndiyo maana operesheni za kuondoa mifugo, kama ile ya Okoa Bonde la Kilombero ya 2012, huleta utulivu wa muda kisha ng'ombe hurudi.

Kilombero ina lake la kuongeza. Bonde lake la mafuriko, zaidi ya kilomita za mraba 7,900, liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Ni makao makubwa ya sheshe, swala wa majini anayepatikana nchi chache. Ni pia mahali ambapo Wandamba wamevua na kulima mpunga tangu kale, ambapo wawekezaji wametafuta mashamba makubwa tangu mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini ulipotangazwa 2010, na ambapo wahamiaji kutoka karibu mikoa yote wamefungua mashamba. Mwaka 2023 sehemu ya bonde ilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba. Ukijumlisha pori hilo na Udzungwa, Mikumi, Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyoundwa 2019 na misitu ya hifadhi ya asili ya Uluguru, Mkingu na Magombera, unaona kwamba sehemu kubwa ya mkoa haiko chini ya halmashauri kabisa. Kila mpaka mpya wa hifadhi unachora upya kata na vijiji, na mara nyingi diwani hupata habari beikoni zikiwa zimeshasimikwa.

Hata Kihansi ina funzo hilo. Mtambo wa megawati 180 ulipoyaelekeza maji kwenye mahandaki mwishoni mwa miaka ya 1990, maporomoko yalipungua na ukungu wake ukakatika. Chura mdogo aliyegunduliwa hapo 1996, na asiyepatikana popote pengine duniani, akatoweka porini na kuhifadhiwa katika bustani za wanyama Marekani hadi alipoanza kurejeshwa 2012. Ilihitajika juhudi ya kimataifa kurekebisha uamuzi uliofanywa bila wanaolijua korongo lile kuketi mezani.

Yapo pia ya kutia moyo, na yametokea pale kijiji kilipopewa nafasi. Jirani na Mang'ula, vijiji vilivyoko kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere vilikubali kutenga ukanda wa ardhi yao ili tembo wapite, wakulima wakafidiwa, na barabara ya Kidatu hadi Ifakara ilipojengwa kwa lami ikawekewa njia ya chini kwa ajili ya tembo. Ilikuwa kazi ya miaka ya vikao, shamba kwa shamba. Vilevile programu ya umilikishaji ardhi iliyotekelezwa Kilombero, Ulanga na Malinyi katika miaka ya 2010 iliwapatia wanavijiji wengi hati za hakimiliki za kimila, wanawake wakiwemo. Mwanamke mwenye hati yenye jina lake anaweza kusimama kwenye Mkutano Mkuu na kusema shamba hili haliuzwi.

Nirudi sasa kwenye hoja inayosikika zaidi: kuugawa mkoa. Wanaoitetea wana haki ya kusikilizwa. Kutoka Morogoro mjini hadi Ifakara ni zaidi ya kilomita 200, na Malinyi iko mbele zaidi, ng'ambo ya mto. Kabla Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 halijafunguliwa 2018, watu wa Ulanga na Malinyi walitegemea kivuko, na masika iliweza kuwafungia upande wao. Daraja limebadilisha mengi, lakini safari ya mgonjwa wa rufaa au mwalimu anayefuatilia jambo lake mkoani bado ni ndefu na ya gharama.

Kilombero, Ulanga na Malinyi zingefanywa mkoa mmoja, mpaka wake ungefuata bonde la mto kwa karibu kabisa, jambo ambalo ni nadra katika nchi yetu. Hiyo ndiyo sababu pekee inayonishawishi. Ofisi mpya ya Mkuu wa Mkoa, magari na majengo peke yake havitamsaidia mkulima wa Mngeta. Uzoefu wa kukata wilaya umeonyesha hivyo: Gairo imekuwa wilaya tangu 2012, na kero ya maji ya chumvi iliyousumbua mji ule kwa miaka mingi haikuondolewa na kupata Mkuu wa Wilaya, kwani dawa yake ilikuwa miundombinu. Kilosa, kwa upande wake, ilipata mafuriko makubwa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maelfu wakapoteza makazi na reli ikakatika, kwa sababu ya Mto Mkondoa ambao sehemu ya maji yake inatoka nyanda za Dodoma. Hakuna mpaka wa wilaya utakaouzuia mto huo kuja.

Kwa hiyo naweka mbele jambo moja kabla ya mengine: fedha na uamuzi vifuate mto. Bodi za maji za mabonde zipo, ya Wami/Ruvu hapohapo Morogoro na ya Rufiji kule Iringa, na zinatoza ada za matumizi ya maji. Sehemu ya ada hizo itengwe kisheria kwa vijiji vya vyanzo, kwa masharti yanayopimika: kingo zilizopandwa miti, mteremko uliokingwa, mpango wa matumizi ya ardhi ulioidhinishwa na Mkutano Mkuu. Dar es Salaam ilipe sehemu yake kwa Uluguru, na umeme ulipe sehemu yake kwa Kilombero. Wapo watakaosema bili zitapanda. Zitapanda kidogo. Mgao wa maji na bwawa lililojaa matope vina gharama kubwa kuliko hiyo, na tayari tunazilipa.

Hili la kwanza linahitaji Bunge. La pili halihitaji. Sheria za Serikali za Mitaa za 1982 zinaruhusu halmashauri kuunda kamati za pamoja kwa mambo yanayozihusu kwa pamoja. Mvomero, Morogoro Vijijini na Manispaa zinaweza kuwa na sheria ndogo moja ya Uluguru. Ifakara, Mlimba, Ulanga na Malinyi zinaweza kuwa na ratiba moja ya malisho, njia moja ya mifugo kufikia mto na rejesta moja ya mifugo inayoingia bondeni, ili mfugaji aliyekataliwa Malinyi asipokelewe Mlimba kwa mlango wa nyuma. Madiwani walioko sasa wanaweza kuitisha kikao hicho kabla masika ijayo haijaanza, na wananchi wa kata zao wana haki ya kuwauliza, kwenye mkutano wa kwanza wa hadhara, kwa nini hawajaitisha.